Mwanangu, kunyonyesha kunakuhusu na wewe

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Juzi usiku uliponipigia simu nilimsikia mtoto akilia na mama yake akilia, na wewe ulitaka jibu moja tu: ununue maziwa ya kopo au usinunue. Nikakwambia usinunue. Sasa nimekaa nikueleze vizuri, maana neno hilo peke yake halimpunguzii mkaza mwanangu machozi.

Shangazi zako wanasema mtoto anayetaka ziwa kila baada ya saa moja au mbili ni mtoto asiyeshiba. Nimefanya kazi wodi ya wazazi mpaka nikastaafu, na maneno haya nimeyasikia yakiwavunja moyo wanawake wenye maziwa tele. Tumbo la mtoto mchanga ni dogo na maziwa ya mama husagika upesi, ndiyo maana anarudi haraka. Ukitaka kujua kama anapata, tazama nepi. Mtoto aliyepita siku 5 akikojoa mara 6 au zaidi kwa usiku na mchana, na mkojo ukawa mweupe, huyo anakunywa. Kisha mpelekeni kliniki apimwe. Siku za mwanzo watoto hupungua uzito kidogo, na kufikia wiki ya pili wengi wameshaurudisha. Wa kwenu akiwa bado, au akiwa amelegea na halii kwa nguvu, msisubiri, nesi amwone siku hiyo hiyo.

Kopo nalikataa kwa sababu moja. Maziwa hutengenezwa kwa kunyonywa. Mtoto akipewa chupa jioni atalala, ziwa litakaa limejaa, na mwili wa mama utapunguza kutengeneza. Kesho kweli yatakuwa machache, na shangazi atasema, si nilikwambia? Mnyonyo wa usiku ndio unaoamsha maziwa zaidi, kwa hiyo usiku si wakati wa kumbadilishia. Wala msimpe maji kwa ajili ya joto la Dar. Maziwa ya mama sehemu kubwa ni maji, yanamtosha mpaka atimize miezi 6.

Umesema mkeo anaumia chuchu. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi, kwa sababu maumivu ndiyo yanayowaachisha wengi. Kaa naye anaponyonyesha, uangalie. Mgongo wake uegemee mto, asimwinamie mtoto. Tumbo la mtoto liguse tumbo la mama, pua ielekee chuchu. Asimsukumie, aguse mdomo wa juu wa mtoto kwa chuchu, asubiri apanue kinywa kama anayepiga miayo, ndipo amsogeze kwa haraka. Kidevu kigandamane na titi, mdomo wa chini ubinuke nje, na weusi unaozunguka chuchu uingie kinywani sehemu kubwa. Akishika chuchu peke yake ndipo inapochubuka. Ikiuma, atie kidole safi pembeni mwa mdomo wa mtoto, amtoe, waanze upya, hata kama ni mara ya nne. Akimaliza, apake maziwa yake mwenyewe kidogo kwenye chuchu na kuyaacha yakauke. Lakini titi likiwa jekundu, gumu, la moto, na yeye ana homa, mpeleke hospitali, na aendelee kumnyonyesha hata kwa titi hilo.

Sasa wewe. Katika Suratul Baqara, aya ya 233, Mwenyezi Mungu amewataja akina mama wanaonyonyesha miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza, na papo hapo akaweka chakula chao na mavazi yao juu ya baba. Watu hushika nusu ya kwanza, wakamkemea nayo mwanamke. Nusu ya pili ni yako. Mwenye kunyonyesha huona njaa na kiu kuliko alipokuwa na mimba. Kabla hujatoka kwenda kazini, uji uwe kwenye chupa na maji yawe karibu anapokaa. Mchana ale chakula cha kweli: maharage, dagaa, samaki, mchicha, ndizi. Usiku mtoto akiamka, wewe ndiye wa kumchukua, kumbadilisha nepi na kumpa mama yake, akimaliza, umcheulishe. Na wageni wakizidi, ni wewe wa kuwaambia kwa adabu kwamba mzazi anapumzika. Mama mwenye wasiwasi maziwa huchelewa kushuka, hata yakiwepo.

Kuna jambo ambalo mama kwa kawaida hamwambii mwanawe wa kiume, lakini baba yako hayupo, nitalisema mimi. Watakwambia usimsogelee mkeo mpaka mtoto aache ziwa, usije ukambemenda mtoto, yaani ukamdhoofisha kwa tendo la ndoa. Tendo la ndoa haliharibu maziwa. Watoto wengi niliowaona wakiitwa wamebemendwa walikuwa na njaa au maradhi, mara nyingine kwa kuwa mama alishika mimba mapema na mtoto akaachishwa ghafla. Mwache mkeo apone kwanza, na kabla hamjarudiana nendeni kliniki wote wawili mkachague njia ya uzazi wa mpango inayomfaa anayenyonyesha.

La mwisho ni kazi ya mkeo. Likizo ya uzazi kisheria ni siku 84, haifiki hiyo miezi 6, na hilo kwangu ni kosa la sheria, si lake. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa pia hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi, za kunyonyesha. Aandike barua kwa mwajiri kabla likizo haijaisha, na wewe umsaidie kuiandika. Siku za mbali na mtoto atakamua kwa mkono, kwenye chombo safi chenye mfuniko. Yakikaa ndani kabisa mwa friji yanafaa mpaka siku 4. Anayebaki na mtoto ampe kwa kikombe kidogo, si kwa chupa ya chuchu, ambayo ni tabu kuisafisha.

Jumamosi nakuja kwa basi la asubuhi. Nitafikia jikoni, na kumshika mtoto mama yake anapolala. Shangazi zako niachie mimi.

Mwambie mkaza mwanangu nampenda, na kwamba anafanya vizuri.

Wasalaam,
Mama yako