Babu wa Keya tumemzika, majina ya wenzake ninayo kwenye daftari

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua za wasomaji. Toka tumzike babu mwezi uliopita hapa Iringa nimekaa na hili jambo na naona nisipoliandika litaniganda rohoni. Miaka yake kamili hatuijui maana cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho, ila kwa hesabu ya vita alivyopigana alikua kwenye miaka 100 hivi. Pale msibani wasifu wake ulisomwa dakika tano hivi, marehemu alikuwa askari enzi za mkoloni, baadae polisi, akastaafu, ameacha watoto na wajukuu, basi, tukanyanyua jeneza.

Mi ndo nilikua naishi nae miaka ya mwisho, namchemshia maji ya kuoga, jioni namsomea gazeti hili hili mpaka analala kwenye kiti, kwa hiyo yaliyorukwa nayajua.

Babu alikua Keya. Vijana wa siku hizi ukiwaambia Keya hawaelewi, ni KAR, King's African Rifles, jeshi la mwingereza la Afrika Mashariki, na yeye alikua kikosi cha 6, kile cha watu wa Tanganyika. Walipelekwa Uhabeshi, Ethiopia ya leo, kumtoa mtaliano na tarehe 19 Mei 1941 wakavuka mto sehemu inaitwa Colito, wakiwa ng'ambo vifaru vya wataliano vikawatokea na wao hawana silaha ya kupiga kifaru. Sajenti mmoja mzungu wa kutoka Kenya, Nigel Leakey, akaruka juu ya kifaru akafungua mfuniko akawapiga risasi waliokuwa ndani, akaenda kukifuata kingine akauawa. Baada ya vita akapewa Victoria Cross, medali kubwa kuliko zote za mwingereza, na ukitafuta leo utasoma mpaka alizaliwa wapi. Babu alimsifu sana huyo sajenti, alikua anasema ule haukuwa ujasiri wa mchezo. Ila kila akimaliza kumsimulia alikua ananyamaza, alafu anaanza kutaja majina, wahehe, wangoni, wanyamwezi, msukuma mmoja aliyekua anapika nae, waliokufa upande ule ule wa mto. Hao ukitafuta huwapati.

1942 wakapelekwa Madagaska kupigana na wafaransa wa serikali ya Vichy, wale walioshirikiana na mjerumani. Vita vilipoisha akarudi na koti la jeshi na kiinua mgongo ambacho hakikutosha kununua ng'ombe wa kueleweka, maana malipo ya mwingereza yalikwenda kwa rangi, mzungu wa cheo kile kile alipata mara mbili tatu zaidi. Wapo wanaosema wazee hawa walimpigania mkoloni kwa hiyo hawatuhusu. Mi nasema walichukuliwa wakiwa watoto wa miaka 18, wengine walikamatwa tu na watu wa chifu, na waliporudi ndo hao hao waliokua wanauliza vijijini kwanini mtu aliyemkimbiza mzungu vitani aendelee kumwita mzungu bwana.

Akaingia polisi. Kaptula ya kaki, filimbi, rungu, doria ya miguu usiku kucha, baadae wakampeleka kozi Moshi na mwisho akawa sajenti. Namba yake ya kipolisi aliikumbuka mpaka wiki ya mwisho wakati majina yetu wajukuu yameshaanza kumchanganya. Wenzake waliofanya nae kazi waliniambia alikua mkali kwa kitu kimoja, kitabu cha matukio pale kaunta. Mlevi, kichaa, mtoto aliyepotea, kila aliyeletwa kituoni lazima jina liandikwe kamili na la baba yake. Nilimuuliza kwanini, akasema Colito tuliwazika watu kwa haraka na hakuna aliyeandika.

Januari 1964 alikua kazini Dar es Salaam wanajeshi walipoasi. Watu wanakumbuka uasi, wachache wanajua kambi ulikoanzia ilikua inaitwa Colito, imepewa jina la vita ile ile. Kwake ilikua kama kuona fujo juu ya kaburi. Baadae ikaitwa Lugalo na hapo alifurahi kweli, maana Lugalo ni huku kwetu, ndipo Mkwawa alipowapiga wajerumani wa kamanda Zelewski mwaka 1891.

Uzeeni nilimpeleka kwenye uhakiki wa wastaafu, ofisi siitaji. Mashine ikakataa alama zake za vidole, vimelika kwa jembe, tukarudishwa mara tatu, mzee wa miaka 90 na kitu anasimama kwenye foleni na fimbo. Hakulalamika hata siku moja. Mi nililia kwenye daladala.

Hapa mjini kuna makaburi ya wanajeshi wa vita vya dunia, yanatunzwa vizuri, mawe yana majina. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri yenyewe kuwa wanajeshi na wapagazi wa Afrika na Asia, labda hata 350,000, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, hao ni wa vita ya kwanza ya dunia. Nilimsomea babu habari hiyo. Akaniambia lete kalamu.

Alinitajia majina 9 na makabila yao na wawili akataja na kijiji. Nimeyaandika kwenye daftari. Mhariri naomba uniwekee namba yangu hapo ofisini kwako, kama kuna familia ambayo babu yao alikua kikosi cha 6 akaenda Uhabeshi na hakurudi, waniulizie kupitia kwenu, huenda ni mmoja wa hawa.

Mjukuu, Iringa