Utangulizi wa "Zadok" haukatwi

Mhariri,

Mashabiki wa kandanda wanaujua wimbo huu pengine kuliko wanakwaya. Ule unaopigwa timu za Ligi ya Mabingwa Ulaya zikiwa zimejipanga uwanjani, Tony Britten aliutengeneza mwaka 1992 kutokana na "Zadok the Priest", wimbo ambao mtunzi Handel aliutunga kwa ajili ya kutawazwa kwa Mfalme George II katika kanisa la Westminster Abbey, London, tarehe 11 Oktoba 1727. Tangu siku hiyo haujakosekana katika kutawazwa kokote kwa mtawala wa Uingereza: mara 10, ukihesabu na ile ya Charles III Mei 2023. Kwaya zetu nazo huuchukua kwa harusi au kusimikwa kwa askofu. Tatizo ni kwamba zinapouchukua hukata mwanzo wake, eti ni mrefu.

Mwanzo huo ni vipimo 22 vya mapigo manne. Fidla zinavunjavunja kodi (nota za kusikika pamoja) nota moja moja, kodi zinabadilika polepole, na hakuna anayefungua kinywa. Tarumbeta tatu na ngoma za timpani zipo lakini kimya. Kipimo cha 23 ndipo kwaya inapoingia yote kwa mkupuo, sauti saba, na tarumbeta na ngoma zinaingia nayo. Ukiviondoa vile vipimo 22, kishindo hicho kinakuwa kelele tu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akikisubiri. Na urefu wenyewe si wa kutisha: kwa mwendo wa mapigo 60 kwa dakika ni mapigo 88, yaani sekunde 88. Kule Abbey muda huo una kazi, maana wimbo unaimbwa mtawala anapovuliwa majoho na kuandaliwa kupakwa mafuta. Maneno yanatoka 1 Wafalme 1, Sulemani alipotiwa mafuta na kuhani Sadoki, ndiye "Zadok" wa Kiingereza.

Katika ibada za namna hii muziki hupimwa kwa hatua za watu, na vipimo vikikosewa aibu haina pa kujificha. Mwaka 1902, Edward VII akitawazwa, Frederick Bridge aliyeongoza muziki alikosea hesabu: wimbo wa kuingilia wa Hubert Parry, "I was glad", ukaisha mfalme hajafika. Mpiga kinanda Walter Alcock akaziba pengo kwa kubuni papo hapo, kisha kwaya ikarudia sehemu ya mwisho. Hata hiyo 1727 yenyewe haikwenda sawa. Askofu Mkuu William Wake aliandika kwenye nakala yake ya ibada kwamba nyimbo zilivurugika. Basi mwalimu wa kwaya apime kwa saa, kanisani penyewe, watu wakitembea kweli, wala asikadirie akiwa mezani.

Kwa kinanda cha umeme, zima biti ya mashine kabisa. Mkono wa kulia ucheze zile kodi zilizovunjwa, wa kushoto urudie besi kwa wepesi, na sauti ianze chini sana. Kosa la kawaida ni kupandisha sauti mapema: ukifika kipimo cha 12 ukiwa tayari juu, huna pa kwenda. Kosa la pili ni kuongeza mwendo kwa woga wa ukimya wa waimbaji. Mwalimu aendelee kuhesabu, naye mwimbaji asivute pumzi hadi pigo la mwisho la kipimo cha 22.

Sauti saba ni soprano mbili, alto mbili, tenor moja na besi mbili. Kwa watu 30, weka wanne kila sauti, ila tenor wapewe sita, kwani wako peke yao na besi mbili zitawafunika. Chini ya hapo, tumieni mpangilio wa sauti nne, si dhambi. Doh, yaani nota ya msingi ya wimbo, ni D, na msiishushe: tarumbeta za enzi za Handel hazikuwa na vali (vitufe vya kubadili nota), na zilikatwa kwa D. Wapigaji wenu wa tarumbeta za B flati, ambazo hulia toni moja chini ya nota iliyoandikwa, waandikiwe katika E, yenye shapu nne, na wapewe nota wiki kadhaa kabla. Ukiwapa asubuhi ya ibada utavuna ulichopanda.

Linabaki suala la Kiswahili. Silabi ya kwanza, "Za", inaangukia pigo zito. Sisi tunatamka Sa-DO-ki, mkazo silabi ya pili, kwa hiyo ukitafsiri sehemu ya kwanza utaimba "SA-doki", na wazee watakunja uso. Kuisogeza "Sa" kabla ya pigo ni kubaya zaidi, kwa sababu kishindo kinavuja. Sehemu hiyo iacheni kwa Kiingereza. Sehemu ya mwisho, ile ya "God save the King" (Mungu mlinde mfalme), ndiyo inayovumilia tafsiri, na hata akitawazwa mwanamke hakuna nota ya kubadili, maana "mfalme" na "malkia" yote yana silabi tatu na mkazo wa katikati. "Amen" zenye mbio za nota ndogo ndogo hapo mwishoni zifanyiwe mazoezi kwa nusu ya mwendo, kila sauti peke yake, besi wakianza.

Walimu wa kwaya,
Moshi