Barua kwa mwanangu kabla hajatia sahihi

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Sisi hatujambo. Mguu wa baba yako umepungua kuvimba, na anakusalimu sana. Ama baada ya salamu, tangu uliponipigia Jumapili nimekuwa nikiyapima uliyoniambia: umepata nafasi kwenye kipindi cha vichekesho cha runinga, mkataba umeshapewa na unatakiwa kuurudisha Ijumaa, na shangazi yako anasema mwanamke wa miaka 31 anayejikunja uso mbele ya kamera anajivunjia heshima. Kwenye simu sikusema mengi, maana mambo mazito huwa nayasema vizuri zaidi nikiyaandika.

Nataka nikusimulie habari za Lucille Ball, mchekeshaji wa Marekani. Vipindi vyake umeviona, vile vya zamani visivyo na rangi ambavyo kaka yako alivipakua kwenye simu yangu. Maisha yake sidhani kama umewahi kuyasikia, na mimi nimemsoma kwa muda mrefu kwa sababu nampenda.

Alizaliwa tarehe 6 Agosti 1911, mji wa Jamestown, jimbo la New York. Baba yake, fundi wa nyaya za simu, alifariki kwa homa ya matumbo mwaka 1915, binti akiwa na miaka mitatu na mama akiwa na mimba ya mdogo wake. Alikulia zaidi kwa babu na bibi, na babu huyo ndiye aliyekuwa akimpeleka kutazama maonyesho ya jukwaani. Mwaka 1926 akapelekwa shule ya uigizaji jijini New York. Mwanafunzi nyota wa pale alikuwa Bette Davis, aliyekuja kuwa mwigizaji mashuhuri wa filamu. Lucille alishikwa na haya hata sauti haikutoka, na walimu wakaona hafai, akarudishwa nyumbani. Baadaye akawa mwanamitindo, akaugua viungo akawekwa kitandani muda mrefu, akapona, na mwaka 1933 akaenda Hollywood. Huko kwa karibu miaka ishirini alicheza filamu nyingi za gharama ndogo, jina lake likifahamika bila kuvuma.

Kipindi kilichomfanya ajulikane dunia nzima, I Love Lucy, kilianza kurushwa na shirika la utangazaji la CBS tarehe 15 Oktoba 1951. Miezi miwili kabla alikuwa ametimiza miaka 40, na mwezi uliotangulia huo alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza. Nakuomba umsomee shangazi yako hapa, kwa adabu.

Watu husema alizaliwa na kipaji tu, na mimi hilo silikubali. Alipokuwa studio ya MGM alikaa chini ya Buster Keaton, yule bingwa wa filamu zisizo na sauti ambaye siku hizo alikuwa amesahaulika, naye akamfundisha namna ya kuvishika vitu: kofia, ngazi, sahani, mlango. Kitu chochote utakachokishika mbele ya watazamaji ukijue kwanza kama unavyojua kisu chako cha jikoni. Lucille alilishika somo hilo maisha yake yote. Waandishi wake wa I Love Lucy walikuwa Jess Oppenheimer, Bob Carroll na mwanamke mmoja, Madelyn Pugh. Vituko vya mwili viliandikwa kwa herufi kubwa ndani ya mswada, hatua kwa hatua, na Madelyn alikuwa akivijaribu mwenyewe kwanza ili wajue kama mwanamke anaweza kuvitenda bila kuumia. Kisha Lucille alivirudia mazoezini tena na tena mpaka vionekane kama vimemtokea ghafla.

Itazame tena ile sehemu ya kiwanda cha chokoleti, iliyorushwa Septemba 1952. Yeye na mwenzake Vivian Vance wanafungasha chokoleti zinazopita kwenye mkanda. Mwanzo mkanda unakwenda polepole. Unapoongeza mwendo wanaanza kuzila, wanazificha kofiani, wanazitia kifuani, na msimamizi anapoingia anadhani wanaiweza kazi, anaamuru mkanda uharakishwe. Usitazame mkanda, mtazame macho yake. Hafanyi uso wa kuchekesha hata mara moja. Anaogopa kufukuzwa kazi kikweli, na ndiyo maana tunacheka. Bibi yako, ambaye hakujua neno moja la Kiingereza, alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Hapo heshima ya mwanamke imevunjika wapi? Mimi naona mtu anayeifanya kazi yake kwa moyo wote.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nikuandikie.

Kabla ya runinga Lucille alikuwa na kipindi cha redio, na CBS walitaka akihamishie kwenye picha. Akasema sawa, ila mume wa kwenye kipindi awe mume wake wa kweli, Desi Arnaz, mwanamuziki aliyezaliwa Cuba. Wakubwa wakasita: Wamarekani watamkubali vipi mume mwenye lafudhi ile? Lucille na Desi hawakukaa kubishana. Mwaka 1950 walizunguka nchini na onyesho lao la jukwaani, watu wakajaa na kupiga makofi, na hoja ikaisha. Mwaka huo huo wakaanzisha kampuni yao, Desilu, jina lililounganishwa kutoka Desi na Lucille.

Likaja suala la pili. Siku hizo vipindi vingi vilichezwa moja kwa moja New York. Mikoa ya mbali iliona nakala iliyopigwa kwa kamera kutoka kwenye kioo cha runinga, picha hafifu yenye ukungu. Kipindi kikichezewa California, watu wa mashariki ndio wangeipata nakala hiyo, na mdhamini, kampuni ya sigara ya Philip Morris, hakutaka wateja wake wengi wa huko waipate picha hiyo mbovu. Lucille na Desi nao hawakutaka kuhama California. Wakaamua kurekodi kwa filamu halisi ya sinema ya milimita 35, kamera tatu kwa pamoja, mbele ya watazamaji waliokaa ukumbini wakicheka kwa sauti zao wenyewe. Wakamwita Karl Freund, mpiga picha mashuhuri aliyefanya kazi Ujerumani enzi za filamu zisizo na sauti, akapanga taa juu kwa namna ambayo kamera zote tatu zingepata mwanga unaofaa bila kusimamisha mchezo. Vichekesho vingi vya runinga vilivyokuja baadaye vilifuata njia hiyo.

Njia hiyo ilikuwa ghali. Wao wakakubali malipo yao ya kila wiki yapunguzwe, na badala yake filamu zenyewe zibaki mali ya Desilu. Mwanangu, soma sentensi hiyo mara mbili. Wakati ule kipindi kikisharushwa kilihesabiwa kimekwisha, kwa hiyo wenye fedha hawakuona wanachopoteza. Kumbe watu wako tayari kutazama tena na tena! Zilipigwa sehemu 180 hadi mwaka 1957, na CBS ilipozitaka zile filamu ikabidi ilipe mamilioni ya dola. Mwishoni mwa mwaka huo Desilu ikanunua studio za RKO, zile zile ambako Lucille alikuwa ameajiriwa kama mwigizaji wa kawaida.

Umewasikia wewe mwenyewe wasanii wakongwe wa kwetu wakisema kazi zao zinarudiwa miaka nenda rudi, watoto wanazikariri, na wao hawapati hata nauli. Nami naumia kila ninapowasikia, kwa sababu walitufurahisha sana. Sitaki uje uongee hivyo ukiwa na umri wangu. Kwa hiyo katika mkataba wako, kabla ya kutazama tarakimu za malipo, tafuta haya: zile picha zitakuwa mali ya nani, zikirudiwa au zikiwekwa mtandaoni wewe unapata nini, na kama mhusika unayemjenga kwa sauti na mwendo wako unaweza kwenda naye kwingine au watamfungia kwao. Malipo madogo leo tunaweza kuyavumilia kama familia. Kuuza kila kitu milele, hapana.

Na la ndoa na uzazi, maana najua linakusumbua. Lucille alipopata mimba ya mtoto wa pili akiwa katikati ya kipindi, ilikuwa aibu kuonyesha jambo hilo kwenye runinga. Yeye na Desi wakalitia ndani ya hadithi, na miswada ikasomwa na kasisi, mchungaji na rabi ili isikwaze watu. Tarehe 19 Januari 1953 alijifungua mtoto wa kiume kwa upasuaji, na usiku huo huo Lucy wa kwenye kipindi naye akajifungua. Waliotazama wanakadiriwa kuwa milioni 44, wengi kuliko waliotazama kesho yake Rais Eisenhower akiapishwa.

Ndoa yenyewe haikudumu, waliachana mwaka 1960. Desi alikuwa na ulevi na wanawake, na hilo nakwambia wazi kwa kuwa wewe ni mtu mzima. Hawakuchafuana mbele za watu. Mwaka 1962 Lucille akanunua hisa za Desi na kuiongoza Desilu mwenyewe, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyekuwa amelifanya katika studio kubwa ya runinga Marekani. Tamthilia mashuhuri za runinga za Star Trek na Mission: Impossible zilianzia kwenye kampuni hiyo, na mwaka 1967 akaiuza kwa takriban dola milioni 17. Aliendelea kuigiza. Kipindi chake cha mwisho, cha mwaka 1986, kilifutwa baada ya wiki chache kwa kukosa watazamaji, na inasemekana alilia sana. Alifariki 26 Aprili 1989, akiwa na miaka 77.

Mimi na baba yako tumekubaliana: kama roho yako inaitaka kazi hii, ifanye. Shangazi yako niachie, nitazungumza naye mimi.

Ila usitie sahihi kabla hatujausoma. Piga picha kurasa zote, na zile za maandishi madogo mwishoni, utume kwenye simu ya kaka yako. Mjomba wako anamfahamu wakili mmoja hapa mjini, ameahidi kuupitia siku mbili hizi bila kutudai. Wakikuharakisha, waambie wazazi wako wameomba muda hadi Jumatatu.

Nimekupakia muhogo mkavu na dagaa kwenye basi la kesho asubuhi. Kondakta atakupigia akifika stendi.

Wasalaam,
Mama yako