Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: bei ya kuvusha mzigo Mokowe iandikwe ukutani

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Barabara na Uchukuzi,
Jumba la Transcom, Barabara ya Ngong, Nairobi.

Mheshimiwa, pokea salamu zangu. Mimi ni fundi cherehani wa Pangani hapa Nairobi, na kazi hii nimeifanya mtaani humu miaka 17. Shule zikifungwa mwisho wa mwaka nahama na mume wangu na watoto wetu watatu kwenda Lamu kisiwani, mtaa wa Langoni, tukakae na mavyaa wangu, yaani mama wa mume wangu. Miguu yake haimpandishi tena ngazi za nyumba, na wifi yangu ameolewa Faza, hawezi kuvuka bahari kila siku kuja kumwogesha mama. Kwa hiyo tunakwenda sisi.

Nakuandikia kwa sababu ya sehemu moja tu ya safari hii, nayo ndiyo fupi kuliko zote: kutoka gati la Mokowe, bara, mpaka gati la mji wa Lamu.

Kwanza nikueleze hesabu yangu, maana bila hesabu hutaona ninapoumia. Kwa miaka miwili, chama na kazi za usiku vimenipa akiba ya shilingi 165,000. Lori la canter kutoka Pangani ni 78,000. Nauli yetu watu watano na chakula cha njiani, 16,000. Kukarabati chumba cha juu tutakacholala, 40,000. Sare za shule mpya na karo ya kuanzia, 20,000. Depositi ya nyumba ya hapa sijaitia humo. Wenye nyumba wa Nairobi huirudisha siku wanayotaka wao. Zinabaki 11,000, na hizo ndizo za kuvukia.

Mwenye lori alinihakikishia kwamba bei yake ni "mpaka mlangoni". Nilifurahi, nikamwambia mume wangu mambo yamekwisha. Wiki moja baadaye nikamuuliza atatumia boti ya nani. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwake mlangoni ni Mokowe, lori lake haliogelei. Simlaumu sana. Barabara yake inaishia pale, na Lamu mjini hakuna gari litakalompokea. Mji wote unategemea punda, mikokoteni na mabega ya watu.

Basi nikaanza kuwapigia simu wenye boti. Mzigo ni ule ule, nimeuorodhesha kwenye daftari la kazi: magodoro manne, vitanda viwili vya kufunguliwa, friji ndogo, jiko na mtungi wa gesi, masanduku sita ya nguo na vyombo, magunia mawili ya vitambaa, na cherehani yangu ya umeme pamoja na meza yake. Wa kwanza alinitajia 7,000. Wa pili 12,000. Wa tatu alisikia natoka Nairobi, akasema 18,000, nami nijue mahamali ni juu yangu. Wote watatu wanavuka maji yale yale. Nikimpata wa kwanza, nahama na kuanza maisha. Nikiangukia wa tatu, karo ya mtoto mmoja imezama baharini kabla hajaingia darasani.

Nilipoona hivyo nilikwenda kujionea mwenyewe, mwezi wa Agosti, kusi ikivuma. Nilishuka basi Mokowe saa tano asubuhi, siku ya bamvua, yaani siku za maji kujaa na kupwa kupita kawaida, nikakuta maji yamekupwa kabisa. Palikuwa na familia ikivusha friji kubwa kuliko yangu. Boti ilikuwa chini kabisa ya gati, inapanda na kushuka kwa wimbi. Mahamali wanne walikuwa kwenye ngazi zenye mwani wa kijani, wawili juu wameshika kamba, wawili chini wameinua mikono. Wa chini kushoto aliteleza, akapiga goti, lakini hakuiachia. Friji ililala begani mwake mpaka mwenzake akaipokea. Goti lilikuwa likitoka damu, na alipomaliza alirudi juu kuchukua godoro. Mwenye mali, mama mtu mzima, alikuwa amesimama ameshika kichwa kwa mikono yote miwili. Nami nikaiwazia cherehani yangu. Ina mota chini ya meza, na mota ikishaingia maji ya chumvi haishoni tena. Hiyo ndiyo itakayotulisha huko.

Wifi yangu nilipomsimulia aliniambia, "Wifi, kwani nani alikwambia uje na bamvua? Njoo na maji mafu, siku ya saba au ya nane ya mwezi mwandamo, boti haiendi mbali na gati." Ni kweli. Katika pwani yetu, wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Siku za maji mafu tofauti hiyo hupungua sana. Na kila siku saa za maji husogea mbele kwa karibu dakika 50, kwa hiyo aliyevuka vizuri leo saa nne, wiki ijayo saa ile ile atakuta ngazi tupu. Mtu wa kisiwani hayo anayajua tangu utotoni. Lakini mwalimu aliyehamishwa kutoka Kitale, au muuguzi aliyepewa barua ya uhamisho akiwa Nyeri, atayajulia wapi? Hupanga safari kwa kalenda ya ofisini, akafika na bamvua, akalipa bei ya bamvua.

Na anapolipa, halipi mara moja. Nilisimama nikahesabu. Kitu kimoja hushushwa kutoka lori hadi gatini, hutoka gatini hadi botini, hupandishwa tena gati la Lamu, hubebwa na punda au mkokoteni, kisha huingizwa ndani na kupandishwa ngazi. Mikono mitano, na kila mkono una malipo yake yanayoafikiwa papo hapo, mgeni akiwa amechoka na watoto wanalia. Hii ndiyo sababu nimeuza kochi. Kabati la milango mitatu nalo nimeliuza. Nililipima kwa tepu ya kazini nikapata sentimita 180, na kichochoro cha kwetu, punda akipita na mzigo, watu husimama kubana ukuta. Mume wangu alilinunua mwaka tuliooana. Hilo silalamikii, Lamu ni mji wa kale, uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, na vichochoro vyake havitapanuliwa kwa ajili ya kabati langu wala sitaki vipanuliwe.

Ninacholalamikia ni kwamba serikali inajua kuvusha watu. Pale Likoni, Mombasa, mtu wa miguu huvuka kwa feri bila kulipa hata shilingi moja, na mwenye gari huijua nauli yake kabla ya kuingia. Sisemi watu wa Likoni wanastarehe. Taifa hili halijasahau ajali ya feri ya Mtongwe ya tarehe 29 Aprili 1994, iliyoua watu 272. Lakini pale imekubalika kwamba kivuko ni sehemu ya barabara, na mwananchi hatozwi kwa kutembea barabarani. Mbona maji ya Mokowe si barabara? Mtu wa Lamu hulipa akienda, hulipa akirudi, na hulipia gunia la unga, mfuko wa saruji na mtungi wa gesi. Kila kitu anachokula mavyaa wangu kimekwisha kulipiwa baharini.

Wizara yako imefanya kazi kubwa upande ule, nami nikiwa msema kweli lazima niitaje. Barabara ya Garsen, Witu mpaka Lamu, kilomita 135, imetiwa lami. Zamani safari ile ilikuwa ya matope. Na pale Kililana, karibu kabisa na Mokowe, gati la kwanza la bandari mpya lilizinduliwa Mei 2021, lina urefu wa mita 400, na meli kubwa za kontena zinaweza kufunga. Nililiona kwa mbali. Nikarudisha macho kwa yule hamali mwenye goti linalotoka damu, na moyo wangu ukakataa.

Ombi langu la kwanza halihitaji bajeti kubwa. Nataka ubao ukutani, Mokowe na Lamu, ulioandikwa kwa Kiswahili: mtu, godoro, friji, gunia, kitanda, boti nzima ya mzigo, mchana bei hii, usiku bei hii, hamali kwa kila kipande. Manahodha na mahamali wenyewe waitwe wakae na serikali ya kaunti wakubaliane bei inayowalisha. Siombi wapunjwe. Yule kijana wa goti anastahili zaidi ya alicholipwa siku ile. Chini ya ubao huo ubandikwe ratiba ya maji ya mwezi, na nambari ya kupiga simu mtu akitozwa zaidi. Mimi sikuuona ubao wa namna hiyo siku niliyokuwapo.

La pili ni la fedha: mahali pa kupakilia mizigo panapopanda na kushuka pamoja na maji, na banda la kungojea ambamo godoro halilowi. La tatu ni boti moja ya umma ya mizigo, hata iwe mara mbili kwa wiki, yenye jaketi za kuokolea maisha za kutosha. Ibara ya 39 ya Katiba yetu inampa kila raia haki ya kuishi popote Kenya. Lamu ilikuwa miongoni mwa kaunti 14 zilizotajwa tangu mwanzo kuwa zimetengwa na zinastahili Hazina ya Usawazishaji. Hazina hiyo iliwekwa kwa mambo kama maji, barabara, afya na umeme, na barabara ya kisiwa ni maji yake.

Mheshimiwa, mimi nimekwisha panga. Lori nimeliagiza lifike Mokowe siku ya nane ya mwezi mwandamo, saa nne asubuhi, maji yakikaribia kujaa. Cherehani nitaifunga kwa mablanketi mawili na karatasi ya nailoni, na nitaishika mwenyewe botini. Nina 11,000 mkononi. Naomba ofisi yako inijibu kabla ya shule kufungwa kama ubao ule utakuwapo, ili nijue niende na kitanda cha pili au nikiuze hapa Pangani.

Wako mwananchi,
Fundi cherehani, Pangani, Nairobi