Mti hauna dozi

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na swali lako halijanitoka kichwani: utathibitishaje kwamba bustani inakinga watu na kisukari au presha, wakati bustani haina dozi?

Wengi huanzia angani. Jani hai hunyonya mwanga mwekundu na kurudisha infraredi, ambayo jicho haliioni. Setilaiti hulinganisha hiyo miwili na kutoa namba iitwayo NDVI, kati ya -1 na 1. Majani yakisongamana, namba hupanda. Mwaka 2019 watafiti waliunganisha tafiti 9 zilizofuatilia zaidi ya watu milioni 8 katika nchi 7. Kila ukijani wa jirani na makazi ulipozidi kwa 0.1, hatari ya kufa ilikuwa pungufu kwa asilimia 4 hivi.

Usishangilie bado. NDVI haijui kama kijani kile ni msitu, uwanja wa gofu au shamba la mtu lililozungushiwa seng'enge. Haijui kama unatoka nje au unajifungia ndani. Na kubwa zaidi, wenye pesa ndio wanaokaa penye miti. Wanakula vizuri, wanatibiwa mapema, halafu sifa unapewa mti!

Ndiyo maana nauheshimu mradi wa Green Heart wa kule Louisville, Marekani. Hawakungoja miti iwakute watu. Walipanda wenyewe maelfu ya miti mikubwa na vichaka katika baadhi ya mitaa, mingine wakaiacha ilivyo, na damu za wakazi wakazipima kabla na baada. Matokeo ya 2024 yalionyesha kwamba kwenye mitaa iliyopandwa, CRP ilikuwa chini kwa asilimia 13 hadi 20 kuliko kwa majirani zao. CRP ni ile protini inayotolewa na ini mwili unapokuwa na uvimbe wa ndani, na ikikaa juu muda mrefu huashiria hatari ya ugonjwa wa moyo. Umeona ujanja wao? Ugonjwa wa moyo huchukua miaka mingi kujitokeza, na uliozuiwa hauonekani kabisa. Damu haikusubirishi hivyo.

Kuhusu zile dakika 120 kwa wiki za kukaa kwenye mazingira ya asili, ulizosikia kwamba zinaleta afya, zilitoka Uingereza, kwa watu karibu 20,000 walioulizwa wanajionaje kiafya. Ni dokezo zuri, ila mgonjwa naye hatoki nje kirahisi. Kipi kilitangulia?

Basi kwenye dodoso lako usiishie kuuliza "Je, kuna bustani karibu?" Uliza mtu amehamia pale lini, kipato chake, anavuta sigara au la, na mara ya mwisho kukaa chini ya mti ilikuwa lini. Presha ipime mwenyewe, mara mbili, akiwa ametulia, usimwachie akumbuke.

Nitumie rasimu kabla hujaanza kupita nyumba kwa nyumba. Kalamu nyekundu ninayo.

Wako,
Rehema