Barua ya wazi kwa vijana wa kijiwe chetu cha bodaboda

Wanangu, assalaam aleikum.

Mnanijua. Mimi ndiye yule mzee anayegongewa mlango usiku mtu akifa. Naosha maiti hapa Tanga tangu 1989, na mwaka huu nimeshawaosha wawili wenu.

Huyu wa pili ndiye aliyenishikisha kalamu. Nilimaliza maji ya mkunazi, nikaingia ya karafuu maiti, na kucha zake bado nyeusi kwa oili. Nikasugua taratibu kwa pamba, wapi. Nikamvisha sanda zake tatu na oili yake vidoleni. Mfukoni alikutwa na elfu tatu na kikaratasi: unga, sukari, betri za rimoti.

Huwa mnaniuliza, mzee, huogopi? Naogopa sana. Mwosha huoshwa. Ila kinachonikosesha usingizi ni kaka yangu, niliyemwosha tukiwa hatujasemeshana miaka sita kwa ajili ya minazi miwili ya mpakani. Nilimwinamia nikamwomba radhi sikioni. Sikio lenyewe nilikuwa nimeshaliziba pamba.

Kofia ngumu mnazoning'iniza kwenye usukani, vaeni. Hilo sirefushi, trafiki wamelisema wakachoka. Mimi nina la madeni. Mtume katufundisha kuwa mwenye cha kuusia asilale siku mbili bila wasia wake kuandikwa, na deni la maiti hulipwa kabla urithi haujagawanywa. Nanyi mnadaiwa: hesabu ya tajiri, vikoba, hiyo mikopo ya kwenye simu. Chukueni daftari la mtoto, andikeni mnachodaiwa na mnachodai, na mtu mmoja nyumbani ajue mmeliweka wapi. Wakristo mlio kijiweni, nanyi nawaambia hayo hayo. Na mliyegombana naye, mfuateni leo, angali anasikia.

Siku ile tunamswalia mwenzenu, imamu aliuliza kama yupo anayemdai marehemu. Kimya. Mara mtu tusiyemjua, safu ya nyuma kabisa, akanyoosha mkono.

"Mimi simdai. Yeye ndiye ananidai. Alimpeleka mke wangu kujifungua saa nane za usiku, akasema nauli tutaongea mtoto akishatoka. Mtoto sasa ana miezi mitano."

Noti alikuwa nayo kiganjani, imekunjwa ndogo. Imamu alikaa kimya kidogo, akamwonyesha baba wa marehemu alipo, kisha akatuambia tunyooshe safu.