Kamishna wa Bima, waambie wathamini wapande juu ya paa

Mheshimiwa Kamishna, salamu kwako. Naandika hadharani maana kwa njia ya kimya kimya nimeshachoka.

Mvua ya mawe ilitupiga kama dakika kumi hivi, na upepo juu yake. Ilipokata nikatoka nikaangalia paa nikashukuru Mungu, mabati yote yapo. Kumbe wapi! Bati lililopigwa na mawe ukiwa chini unaliona zima kabisa, panda ngazi jua likiwa limeinama ndo utaona vibonyeo kama mtu kapita na nyundo, rangi imepasuka palepale, na rangi na zinki zikishabanduka kutu haikai mbali. Upepo nao ulinyanyua ukingo, misumari ikalegea, vile vipira vyake vikakaa upande. Siku hiyo hakuna kilichovuja. Maji yalikuja wiki ya tatu, tena kwa mvua ya kawaida tu, silingi ya chumba cha watoto ikaota doa la rangi ya chai.

Mthamini aliyetumwa na kampuni ya bima (jina silitaji, wanajijua) akasimama uani, akapiga picha tatu na simu, ngazi hata hakuulizia. Ripoti ikaja: uchakavu wa kawaida, yaani hawalipi. Sasa Mheshimiwa, uchakavu gani huo unakula upande mmoja tu wa paa, ule ule mawe yalikotokea, na gata la upande huo ndo limebonyea, na upande wa pili mabati ya umri ule ule hayana hata alama? Uzee unachagua upande siku hizi?

Halafu eti nimechelewa kuripoti, na tena eti nimeharibu ushahidi kwa kuweka turubai. Mkataba wenyewe unanitaka nizuie hasara isiongezeke! Bahati nzuri nilipiga picha kabla ya kufunika.

Kuna jamaa walipita nyumba kwa nyumba kesho yake wakijiita mafundi, wanataka advansi papo hapo na saini kwenye karatasi hata haijajazwa. Matapeli wale, niliwafukuza. Lakini wao angalau mmoja alipanda juu.

Ninachoomba ni kidogo tu. Hakuna klemu (dai la fidia) ya paa kukataliwa kama mthamini hajapanda, akiogopa arushe droni, na aingie darini pia aangalie kenchi, zile mbao zinazobeba paa, na mbao zilizolowa, sio getini na kurudi. Akikataa aandike kipengele gani cha mkataba na bati lipi. Na siku za kuripoti zihesabiwe tangu mtu alipoona uharibifu, maana wenye vigae ndo balaa zaidi, ufa mwembamba kama unywele unaweza kukaa miezi bila mtu kujua.

Turubai bado liko juu, tumeligandamizia matofali manne. Ngazi ninayo, akija nitamshikia mwenyewe.